Mbwa wa Kinyozi, na Mkono Nilioupiga Rungu

Yule kinyozi mzee wa soko la Jericho ametutoka Jumatatu. Mnaonisoma kila wiki katika safu hii mnajua sina machozi ya bure. Mimi ni fundi bati, shule niliiacha darasa la tatu, na nilicho nacho nimekipata kwa nyundo. Lakini huyu nilimvunja mkono, kwa hiyo ni haki nimseme.

Miaka hiyo, mtaa wetu wa Umoja ukiwa mpya, bado unanuka saruji mbichi, sheria yetu ilikuwa moja: mbwa akipepesuka ana kichaa, auawe kabla hajauma mtoto, na pigo la kwanza apige mwenye nguvu. Mwenye nguvu nilikuwa mimi. Asubuhi moja mbwa wa kinyozi, mgongo mrefu, miguu mifupi, alionekana akijikokota uani, makalio yakibururika vumbini. Tukaja wanaume kumi. Jiwe langu la kwanza lilimpasua sikio. Kinyozi akatoka na aproni yake akamlalia.

"Toka, mzee, nisikupasue na wewe," nikamwambia.

"Pasua. Hana kichaa huyu. Jana ameruka kutoka kitandani, akalia, miguu ya nyuma ikalegea. Ni mgongo."

"Udaktari umesomea wapi, kwenye nywele?" mmoja akamtania, tukacheka.

"Nimeosha mbwa kwa daktari wa mifugo miaka minane. Wewe kuua umesomea wapi?"

Nikashusha rungu nikilenga kichwa cha mbwa. Akaweka mkono. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Wenzangu wakapotea mmoja mmoja, nikabaki mimi na mtu anayetapika kwa maumivu.

Kesho yake akaja karakanani kwangu, mkono umefungwa plasta ya hospitali. "Mbwa hawezi kukojoa mwenyewe. Asipokamuliwa kibofu mara tatu kwa siku, atakufa. Kazi ya mikono miwili, na mmoja umeuvunja. Utakuja wewe."

Nilienda. Akanieleza kwamba kati ya pingili za uti wa mgongo kuna kitu laini, kikichomoka kinabana mishipa ya fahamu. Mbwa tulimfungia kwenye sanduku la nyanya asijitikise. Siku ya kwanza alinibwekea usoni, ngumi ikapanda yenyewe.

"Ana maumivu, baba," kinyozi akanizuia. "Wewe ukiumia hutukani?"

Wiki ya sita mbwa alisimama, akatembea mwendo wa mlevi. Tangu hapo kinyozi alihubiri, maana mteja aliye chini ya wembe hana pa kukimbilia: mbwa mrefu asiruke kitandani, asinenepe, abebwe kifua na makalio pamoja, na akilia kwa maumivu ya mgongo aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Hata hivyo kule mtaa wa Mbotela walimponda mbwa mwingine kabla mimi na kinyozi hatujafika kumwokoa. Mwenye mbwa tulimkuta akimkusanya kwenye gunia.

Kichaa cha mbwa kipo na kinaua. Sisemi mkumbatie kila mbwa. Jitengeni naye, iteni daktari, mwulizeni mwenye mbwa ilianzaje. Mimi nilipiga kwanza, nikajifunza baadaye, na karo ya somo langu ililipwa na mkono wa mtu mwingine, ambao haukunyooka tena hadi anazikwa.