Lori Lililofaulu Kupimwa Moshi

Siku ya ukaguzi roho yangu ilikuwa juu tangu alfajiri. Mume wangu alikuwa anapeleka lori lake Arua kupimwa moshi, na mimi nilipanda naye kwa sababu ya binti yetu, ambaye kifua chake kilipiga filimbi kila alipovuta pumzi. Yeye alitaka cheti. Mimi nilitaka mtoto apumue. Njia nzima kutoka Koboko nilikuwa najigeuzageuza kitini, mpaka akaniuliza kama nimekalia siafu.

Nyumba yetu iko kando ya barabara ya Oraba, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Sudan Kusini. Nguo nikianika nyeupe, naanua kijivu. Lakini foleni ni ya watu wote, siwezi kuilaumu peke yangu. Lori letu ndilo lililonikera. Lililala chini ya dirisha la mtoto, na kila asubuhi mume wangu alilipasha moto hapo hapo, moshi ukiingia chumbani, yeye akipiga mswaki.

Tulipitia hospitali kwanza. Daktari alimsikiliza mtoto mgongoni, akaandika dawa ya kuvuta, kisha akauliza tunaishi wapi. Nilimwambia, kando ya foleni ya malori. Alisema dawa itamsaidia, ila akiendelea kuvuta moshi ule kila siku, itafika siku dawa haitatosha. Mume wangu alikuwa anachungulia dirishani kama vile anaongelewa mtu mwingine.

Sasa, watu wa barabara yetu wana ufundi wao. Kanuni inasema lori linalotoa moshi kupita kiwango halipati cheti, na bila cheti halibebi mzigo. Basi asubuhi ya ukaguzi fundi anaibana pampu ili injini inywe dizeli kidogo. Lori linakosa nguvu, lakini linakuwa safi. Likishafaulu, dereva anaifungua pampu njiani akirudi. Wala hawajifichi. Nje kidogo ya mji kuna mahali panapojulikana, ambapo malori yenye vyeti vipya yanasimama yameinuliwa vichwa, na wenyewe wameinamia injini wakitaniana.

Mkaguzi alichomeka kifaa chake kwenye ekzosi, akasema, "Kanyaga." Mume wangu alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Nilikuwa nimesimama nyuma na mtoto, kitenge kikiwa tayari mkononi nimzibe pua. Injini ilinguruma, hewa ikatetemeka kwa joto, basi. Ule weusi niliouzoea haukuja.

"Mama," binti yangu akaniuliza, "moshi yake iko wapi?"

Sikujua nicheke au nilie. Kumbe linaweza! Miaka yote hiyo lori hili lilikuwa linaweza kutuacha tupumue, na lilikuwa linafanya hivyo kwa ajili ya mkaguzi tu. Damu ilinichemka. Mume wangu alikuja anapunga cheti, meno yote nje, nami nikampongeza kwa mdomo.

Alipakia sukari, tukaondoka. Mtoto alilala mapajani mwangu, na mimi nilishindwa kutulia, nikawa nainama kila mara kusikiliza kifua chake. Kisha lori likapunguza mwendo. Tulikuwa tumefika pale pao.

"Shuka na mtoto, mama. Nainua kichwa."

"Acha tu hivi," nikamwambia. "Imefaulu. Acha."

"Na mzigo? Hii gari haiwezi panda mlima hivi. Itatembea kama mgonjwa."

"Mgonjwa iko hapa, mikononi yangu."

Dereva wa lori la jirani alisikia. "Ndugu," akamwita, "bibi yako iko mukaguzi sasa?" Wakacheka wote, na mume wangu akacheka nao. Hicho ndicho kilichoniuma. Baba yake aliendesha malori ya jeshi na alimlea akijua kwamba gari lisilotoa moshi mweusi halina nguvu, na mwanamume anayelala mlimani na mzigo wake huchekwa kutoka Arua hadi Oraba. Najua yote hayo. Lakini alikuwa ofisini kwa daktari pamoja nami.

Alifungua pampu. Akashusha kichwa cha lori, akafuta mikono, akasema, "Panda."

Sikupanda. "Wewe enda. Sisi tutapata gari ingine."

Alidhani natania. Alipoona sitanii, uso ulimbadilika, na mbele ya wenzake hakutaka kubembeleza mtu. Akapanda, akafunga mlango kwa kishindo, akakanyaga. Moshi ulitoka mweusi tii na kutufunika. Nilimzungushia mtoto kitenge, lakini nilichelewa. Alianza kukohoa, kile kikohozi chake kirefu kisichompa nafasi ya kuvuta pumzi, na mimi napapasa mkobani kutafuta dawa, sioni hata vidole vyangu.

Nilisikia breki. Nilisikia mlango. Kisha nikamsikia akirudi mbio, naye akikohoa.

"Mama! Muko wapi?"

Tulikuwa pale pale alipotuacha, kando ya barabara. Alikuwa anatupita ndani ya moshi wake, hatuoni.