Mashine Iliyomngojea Mama Igoki

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu hakunipa spana wala bisibisi. Alinishika mkono, akauweka juu ya kompresa iliyokuwa ikinguruma katika karakana yetu ya Nairobi, akaniuliza nasikia nini. Nikasema nasikia joto na mtetemo.

"Hii punda," akasema. Alikuwa Mhindi mnene, mpole akishiba, mkali akiwa na njaa. "Nafanya kazi mpaka nakufa. Hapana jua kukataa. Ndiyo sababu sisi naweka askari."

Ninyi vijana mnaotengeneza friji siku hizi mnapata kompresa zimefungwa ndani ya chuma kama yai, hamwoni chochote kikizunguka. Zetu zilikuwa wazi, kila moja na mota yake kando, na mkanda wa mpira ukiziunganisha. Kompresa ni pampu. Inavuta gesi iliyobeba joto la ndani ya friji, inaibana, kisha inaisukuma kwenye mabomba ya nje tunayoita kondensa, ambako joto hilo hutolewa hewani. Kondensa isipopata hewa, joto halina pa kwenda, na presha hupanda.

Askari walikuwa watatu. Wa kwanza ni themostati, anayeonja baridi na kuiambia mota ipumzike au iamke. Wa pili anakaa kwenye mota, naye hukata umeme mota ikiuvuta kupita uwezo wake. Wa tatu ndiye swichi ya presha. Presha ikizidi, kifungo chake chekundu huruka nje na mashine yote husimama, na haiamki mpaka mtu akibonyeze kwa kidole.

"Askari nafunga mlango, wewe hapana piga askari," Fundi Mkuu alizoea kusema. "Uliza nje kuna nini."

Nilikaa naye mpaka iliponikuta Emajensi, ile hali ya hatari waliyoitangaza wakoloni kupambana na wapiganaji wa msituni. Sisi watu wa Meru, wenzetu wa Embu na Wakikuyu tulitolewa mjini, tukapakiwa kwenye malori, tukarudishwa makwetu. Fundi Mkuu alikuja getini akanipa bisibisi yake mwenyewe, ile ya mpini wa mbao, akageuka akaenda bila kuniaga. Nilimkasirikia kwa muda mrefu. Siku hizi nadhani alikuwa akilia.

Nyumbani Kanyakine sikukaa sana. Injinia wa serikali aliyekuwa Embu alisikia kuna Mmeru anayejua friji, akaniita. Nikawa fundi wa Embu na Meru zote mbili, mtu mmoja mwenye sanduku la vyombo na pasi ya kusafiria iliyokaguliwa kila kizuizi. Ukikosa muhuri mmoja, unalala rumande na vyombo vyako.

Kati ya mashine zangu palikuwa na chumba baridi cha hospitali moja ndogo upande wa Embu. Jina lake naliacha. Kilikuwa chumba cha maiti, na miaka ile hakikukosa watu. Mlinzi wake aliitwa Ireri. Kazi hiyo watu wa huku waliikwepa, kwa maana zamani aliyegusa maiti hakurudi kwake mpaka atakaswe, na hata waliobatizwa walikuwa bado wanaogopa. Ireri aliichukua kwa sababu shamba lao lilikuwa limechukuliwa na kijiji cha Emajensi, walimokusanywa watu kwa nguvu, na tumbo halijui mwiko. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Aliwasalimu wale waliolala mle kila asubuhi kabla ya kufagia.

Nilipofika mara ya pili nilikuta ukuta wa nyuma umepangwa magunia ya mchanga hadi kwenye paa, kwa kuogopa mashambulizi. Kondensa ilikuwa kwenye ukuta huo huo, ikipumua kupitia dirisha la wavu, na dirisha sasa limezibwa. Kifungo chekundu kilikuwa kimeruka. Nilikwenda kwa Afisa wa Tarafa, kijana Mzungu aliyesimamia usalama pale, nikamwomba yasogezwe magunia ya dirishani tu.

"Magunia yanalinda watu, fundi," akasema. "Wewe unataka nilinde friji?"

Nilimweleza kuhusu hewa. Akatazama saa yake. Nikarudi nikavuta kwa mkono yale niliyoweza kuyafikia, na askari wa Afisa wakayarudisha kabla sijafunga sanduku. Basi nikamwonyesha Ireri la kufanya: kifungo kikiruka, mwagia mabomba maji, ngoja yapoe, ndipo ubonyeze. Nilimwambia nitarudi upesi. Injinia akanituma Meru.

Nikiwa Meru ndipo walipomleta Nyaga.

Nyaga alikuwa mtoto wa pekee wa Mama Igoki, mjane wa kule chini kwenye ukame. Alipigwa risasi ukingoni mwa msitu akitafuta mbuzi waliopotea, ikasemwa ni mtu wa msituni. Ireri alipofunua blanketi alimtambua mara moja. Walitahiriwa siku moja, mto mmoja, na kwetu mwanarika wako ni zaidi ya ndugu. Ofisini hakusema neno, kwa sababu kumjua mtu wa namna hiyo ilikuwa kosa. Alimtumia mama ujumbe kupitia mwanamke aliyeuza ndizi sokoni.

Amri ya Afisa ilikuwa kwamba maiti asiyetambuliwa na jamaa atangojea maadamu chumba kina baridi. Baridi ikiisha, anazikwa shimoni na wengine. Na Mama Igoki hakuweza kutoka kijijini bila pasi ya chifu. Alikwenda kwa chifu, akaambiwa arudi kesho. Akarudi, akaambiwa chifu yuko mkutanoni. Hivyo mama yuko njiani bila kuondoka, na mtoto yuko kwenye ubaridi, na kati yao ni ile mashine yangu.

Jua lilikuwa kali mwezi ule. Kifungo kiliruka, Ireri akamwaga maji, akangoja, akabonyeza. Kikaruka tena. Alichota maji kisimani mpaka mabega yakavimba. Mwishowe akachukua waya wa kufungia ua, akakifunga kifungo kisiweze kuruka.

Mashine ikaendelea kunguruma, naye akamshukuru Mungu. Presha nayo ikapanda bila wa kuizuia, mpaka gasketi, kile kizibo cha kichwa cha kompresa, ikapasuka na gesi yote ikatoka kwa mluzi. Gesi nyingine ilikuwa Nairobi. Afisa hakungoja. Walimzika Nyaga na wenzake nyuma ya hospitali, wakamwaga chokaa, wakasawazisha udongo.

Mama Igoki alifika kesho yake, pasi mkononi. Mimi nilifika mchana huo huo kutoka Meru, nikamkuta ameketi juu ya yale magunia ya mchanga, miguu imejaa vumbi. Ireri alikuwa amechuchumaa mbele yake. Kiembu na Kimeru ni majirani, nilisikia kila kitu.

"Ni mimi nilifunga hiyo kifungo, mama," Ireri alikuwa akisema. "Ilikuwa inaruka kila wakati, nikafikiri ndiyo inaua mashine. Nilitaka isilale mpaka ufike."

Mama akauliza, "Ulimwosha?"

"Nilimwosha."

"Kovu la goti uliliona?"

"Nililiona, mama. La panga, upande wa ndani."

"Basi wewe umemwona," akasema. "Mimi sijamwona."

Kwetu mtu akifiwa hunyoa nywele, na nywele zikiota tena anajua amemaliza kulia. Wanawake wa kanisa walimletea wembe. Akaukataa. Alisema hawezi kumnyolea mtu ambaye hajamwona amekufa.

Nilipoutoa waya ule na kufungua mashine, Afisa alikuja akauliza tatizo ni nini. Nikamwonyesha dirisha. Aliinua kidole, na askari wawili wakayaondoa magunia ya dirishani haraka haraka, wakayapanga pembeni. Nilisimama nikitazama jinsi ilivyokuwa kazi ndogo. Hasira niliyoipata pale sijaimaliza mpaka leo, na sina mpango wa kuimaliza.

Baada ya Uhuru nilipanda cheo nikawa Fundi Mkuu mwenyewe. Nimetengeneza friji za dawa, za bucha, za maziwa, hadi Laare kwenye mashamba ya miraa. Vijana wangu wote niliwafundisha kwa kuwawekea mkono juu ya kompresa. Nimemfukuza mmoja tu maisha yangu yote, na ni kwa sababu aliziba swichi ya presha kwa kijiti cha kiberiti ili awahi chai. Wenzake walisema nimezidi. Hawakujua.

Wiki niliyostaafu nilishuka hadi kwa Mama Igoki. Nilikuwa nikimpitia kila kazi iliponipeleka upande ule, na mara nyingi nilimkuta Ireri huko akimkatia kuni, kwa maana alikuwa amejitolea kuwa mtoto wake. Siku hiyo macho ya mama yalikuwa yamefifia. Nywele zake, nyeupe kabisa, alizifunga kwa kitambaa, na hazikuwa zimeonja wembe.

Alinishika mkono, akaupapasa kwenye vidole vilivyokatwakatwa na mikanda.

"Ile mashine," akauliza, "mliitengeneza?"

"Tuliitengeneza, mama."

"Inangoja watu sasa?"

"Inangoja."

Akaitikia kwa kichwa. "Ni vizuri," akasema. "Wengine watawakuta wa kwao."

Ireri aliacha kukata kuni, akaketi chini pale pale alipokuwa.