Mama Aliyefurahia Miaka Kumi na Minane

Wanawake wanaoosha utumbo nyuma ya machinjio ya Vingunguti huulizana kila kitu. Mikono imo ndani ya maji, visu vinakwangua, midomo haina kazi nyingine. Huulizana mume kalala wapi, mtoto kafaulu masomo mangapi, mawifi wamepatana au bado. Lakini kwa miaka kumi kulikuwa na swali moja ambalo hawakumuuliza Tabu binti Faraji, mpaka alipokuja mwenzao mpya kutoka Lindi, asiye na habari.

"Una watoto wangapi, dada?"

"Watatu. Wa kike wawili wameolewa. Wa kiume yuko gerezani."

"Pole. Atatoka lini?"

Farida, aliyekaa kati yao, akakohoa. Tabu hakuacha kukwangua.

"Kafungwa maisha."

"Maisha ndiyo miaka mingapi?"

"Wewe nawe," Farida akasema, "umekuja kuosha utumbo au kuhesabu watu wa sensa?"

Wakacheka, na Tabu naye akacheka, kwa kuwa Farida alikusudia acheke. Lakini swali lilimfuata nyumbani. Lilikuwa lake hata kabla ya yule mgeni kulisema. Kwenye foleni ya kuwaona wafungwa aliwaonea wivu akina mama ambao watoto wao walipewa miaka thelathini. Thelathini ni mingi, inamaliza ujana wa mtu na kuingia kwenye uzee wake, lakini ina mwisho. Maisha hayana ukingo wa kushika. Ni kubebeshwa mzigo bila kuonyeshwa pa kuutua.

Na kuna jambo lililomuuma zaidi, ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa na miaka sitini na sita. Kwao, mama akifa hupokewa kaburini na mwanawe wa kiume. Wanaume hutandaza shuka juu ya kaburi, mtoto akashuka, akampokea kwa mikono yake, akamlaza kwa ubavu wa kulia, akamfungua vifundo vya sanda. Badru alimfanyia hivyo bibi yake akiwa na miaka kumi na tisa. Alirudi na udongo kwenye magoti, akakaa kizingitini karibu na mama yake, akasema, "Bibi alikuwa mwepesi, mama. Sikumwangusha." Tangu siku ile Tabu aliacha kuogopa kifo. Alijua mikono itakayompokea.

Sasa mikono ile ilikuwa nyuma ya ukuta. Kaka yake, Mwinjuma, magoti hayakunjiki tena. Majirani wangeshuka, watu wema hawakosekani. Lakini ingekuwa mikono ya watu.

Badru aliua. Tabu hakuwahi kulizungusha jambo hilo. Badru alikuwa na miaka ishirini na minne, mbebaji wa nyama hapo hapo machinjioni, na Fransis alikuwa mbebaji mwenzake, kijana wa Kimakonde mwenye maneno mengi. Waligombea zamu ya kupakia. Fransis akaropoka kuhusu mikono ya mama Badru na inakoshinda, ndani ya utumbo, utani wa kila siku, ambao siku nyingine ungejibiwa kwa utani mkubwa zaidi. Siku ile Badru alichomoa mpini wa toroli. Pigo lilikuwa moja. Fransis alikufa kabla jua halijazama, na Badru alikutwa amekaa pale pale, mpini mapajani, akisubiri kukamatwa.

Alikaa mahabusu miaka miwili. Shtaka la mauaji likabadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, naye akakiri mara alipoulizwa. Wakili aliyepangiwa alisema sentensi mbili za kumwombea huruma, akakaa. Kisha jaji akamgeukia Badru mwenyewe: kabla adhabu haijatolewa, ana lipi la kusema?

Hapo ndipo ukimya ulipotokea, na Tabu ameurudia kichwani mara nyingi kuliko anavyorudia majina ya watoto wake.

Katika nyumba ya mzee Faraji, mkosaji hajiombei, huombewa. Badru alipovunja dirisha la jirani akiwa mdogo, mjomba wake Mwinjuma alimshika mkono, wakaenda. Mjomba alisema, "Tumekuja. Tumekosa." Badru alisimama kichwa chini, hakufungua mdomo. Kujisemea mbele ya uliyemkosea ni ufedhuli, ni kama kuingia msibani ukaanza kujieleza kabla ya kutoa pole. Tabu alimfundisha hivyo, akamchapa siku alipojaribu kujitetea. Na siku ya hukumu mama yake Fransis, Filomena, alikuwa ameketi benchi la mbele, na kitambaa cheusi kichwani.

Kwa hiyo Badru akafanya alivyolelewa. Aliinamisha kichwa, akageuka kidogo kumtazama mjomba wake. Mwinjuma alikuwa amejiandaa, hata kofia alikuwa ameivua. Lakini askari mlangoni alikuwa amewaambia asubuhi kwamba wasikilizaji hawasemi mpaka waambiwe. Akangoja kuambiwa. Mahakama nzima ikangoja.

"Sina la kusema," Badru akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

Jaji akaandika. Kisha akasoma kwamba mshtakiwa, mbele ya mama aliyempoteza mwanawe, hakuona haja ya kutoa hata neno moja la majuto. Kifungo cha maisha.

"Adabu yangu ndiyo iliyomfunga," Tabu alimwambia kaka yake wakirudi.

"Yetu," Mwinjuma akajibu.

Miaka ikapita kwa namna ya ajabu, kama maji ya mferejini, hayajai wala hayaishi. Kila sikukuu ya taifa Tabu alikaa na redio kusikiliza msamaha, na kila mara ukatangazwa bila kumgusa mwanawe. Kukata rufaa hawakuthubutu. Wafungwa wakongwe walimtia Badru hofu: ukiamsha faili, watakurudishia kamba. Haikuwa kweli, kwani kosa lake halikuwa la kunyongwa, lakini ndani ya kuta zile uongo wa mkongwe una nguvu kuliko sheria.

Aliyeondoa hofu hiyo ni wakili kijana aitwaye Noela, wa shirika dogo la msaada wa kisheria, aliyekuwa akizunguka magerezani kuuliza nani ana faili lililolala. Aliomba waongezewe muda wa kukata rufaa, akapewa. Kisha akaja Vingunguti na nakala ya mwenendo wa kesi kwenye mfuko wa plastiki, akakaa mkekani kwa Tabu.

"Shikamoo mama. Nimesoma yote. Kuna mahali sijaelewa. Hapa, alipoulizwa, akasema hana la kusema. Kijana aliyekiri kosa mwenyewe, kwa nini anyamaze?"

Tabu akamweleza. Alieleza polepole, habari ya dirisha, ya mjomba, ya kofia iliyovuliwa. Noela aliacha kuandika.

"Mbona hamkumwambia wakili wa kwanza?"

"Hakutuuliza. Na sie tulidhani kila mtu anajua."

"Kwetu Songea," Noela akasema, "ukinyamaza wanasema una jeuri."

"Basi jaji alikuwa wa kwenu."

Wakacheka wote wawili, kicheko kifupi. Kisha Tabu akauliza lile swali la mgeni wa Lindi, maisha ndiyo miaka mingapi.

"Inategemea uko wapi, mama. Ujerumani, mtu akifungwa maisha, baada ya miaka kumi na mitano wanaweza kumtazama upya, waone kama amekuwa mtu mwingine. Ureno hawana kabisa kifungo hicho. Kwetu sisi maisha ni maisha, mpaka mtu afe au Rais ampunguzie."

Tabu akalifikiria hilo. "Kwa hiyo maisha ya mtu yana urefu wake kila nchi."

"Kifungo, mama."

"Ndiyo hicho hicho." Akanyoosha ukingo wa mkeka. "Mie siombi aachiwe, mwanangu. Aliua mtoto wa mwenzangu. Naomba nipewe namba tu. Nijue kama atanikuta au hatanikuta."

Ndipo akamwambia Noela habari ya kaburi. Noela hakuiandika popote, kwa sababu haikuwa hoja ya kisheria. Lakini alipoondoka alisahau kuvua viatu vya ndani alivyoazimwa, akafika navyo barabarani.

Kabla rufaa haijasikilizwa, Tabu alimwendea kaka yake na kumwambia waende kwa Filomena. Noela alikuwa amewaonya kwamba kisheria haitasaidia kitu. "Siendi kwa ajili ya sheria," Tabu alimjibu.

Filomena alikuwa amehamia Manzese, chumba cha uani karibu na karakana za mafundi, na alikuwa akiishi kwa kupiga msasa vinyago vya wachongaji wa kwao. Walimkuta amekaa kwenye kigoda, kinyago cha mti mweusi kati ya magoti. Aliwatambua. Hakusimama, lakini alisogeza ndoo ili wapate pa kukaa.

Mwinjuma alivua kofia. "Mama Fransis, tumekuja. Tumekosa. Tumechelewa pia, na kuchelewa ni kosa la pili."

Msasa uliendelea kwenda na kurudi. "Miaka kumi," Filomena akasema.

"Kumi na miwili, tangu siku yenyewe," Mwinjuma akasema.

"Najua tangu siku yenyewe." Akapuliza vumbi. "Siku ile mahakamani nilikaa mbele, nikangoja. Nikasema, hata wakitoa pole tu, nitaondoka nayo. Mkakaa kama mmemeza mawe."

"Nilingoja niruhusiwe kusema," Mwinjuma akasema.

"Na nani?"

Ilipoulizwa hivyo, mchana, uani, katikati ya ndoo na kamba za nguo, ruhusa ile ilionekana ndogo sana kwa jambo lililokula miaka kumi.

"Mie nikadhani ni kiburi cha watu wa Pwani," Filomena akasema. "Nikalala nacho hicho kiburi chenu miaka yote. Kilinisumbua kuliko mpini wenyewe."

Tabu alikuwa analia bila sauti. "Yule mtoto alikuwa anakuogopa wewe," akasema. "Hakuwa na jeuri. Mie ndiye niliyemfundisha kunyamaza."

Filomena alimtazama kwa mara ya kwanza, akaitazama na mikono yake iliyochubuliwa na maji.

"Sisemi nimesamehe," akasema. "Hilo naongea na Mungu, yeye ndiye anajua nimefika wapi. Lakini nimewasikia." Kisha akamsogezea Tabu kinyago. "Shika hapo. Kinacheza."

Tabu akashika. Wakakaa hivyo, mmoja akishika, mwingine akisugua, mpaka uso wa kinyago ukaanza kung'aa. Mwinjuma hakujua kama aondoke, akaishia kubeba ndoo kwenda kuchota maji.

Hukumu ya rufaa ilisomwa asubuhi moja ya mvua. Badru aliletwa na askari, amevaa nguo za gereza, mvi zimeanza kichwani. Majaji walisema mengi ambayo Tabu hakuyashika. Aliyashika machache: kwamba ukimya si ushahidi wa mtu kutojuta; kwamba kukiri kwake, kosa lake la kwanza na miaka yake miwili ya mahabusu havikupewa uzito unaostahili. Kisha ikaja namba. Kifungo cha maisha kinaondolewa. Mahali pake, miaka kumi na minane kuanzia siku ya hukumu ya kwanza.

Tabu alishika ukingo wa benchi. "Kumi na minane," akamwambia Mwinjuma, kama mtu anayeambiwa jina la mjukuu.

Kwenye korido Noela alimweleza taratibu. "Theluthi huondolewa kwa tabia njema, mama, na Badru hana kosa lolote gerezani. Waliofungwa maisha hawaipati hiyo, lakini sasa ana miaka inayohesabika. Inabaki kumi na miwili. Kumi ameshakaa."

"Miwili."

"Miwili, Mungu akipenda."

"Alhamdulillahi." Alilisema mara tatu. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja kesi yake akamtabasamia.

"Wamemwachia, mama?"

"Hapana, baba. Wamempa miaka kumi na minane."

Mzee alisogea pembeni kidogo, kwa heshima, kama anavyosogea mtu anayempisha mgonjwa.

Askari walimpa Badru dakika chache kabla ya kumrudisha. Alisimama mbele ya mama yake na kichwa chini, kama siku ya dirisha.

"Inua uso," Tabu akasema. "Na sema kitu. Nimekukataza kunyamaza."

Badru akainua uso. "Unakula, mama?"

"Nakula."

"Umekonda."

"Ni uzee. Mjomba wako naye kakonda, hujamwona?"

"Usife," Badru akasema. Ilitoka ghafla, bila adabu yoyote, kwa sauti ya mtoto, na askari mmoja akageuka kutazama ukuta. "Nisubiri, mama. Nataka niwe mimi."

Kumbe naye alikuwa ameubeba mzigo ule ule wa kaburi miaka yote, kila mmoja akiufunika asimwoneshe mwenzake.

"Nitajitahidi," Tabu akasema.

Kesho yake hakwenda machinjioni. Alioga, akavaa kanga mpya, akaenda kituo cha afya, mahali alipopakwepa tangu muuguzi mmoja alipomwambia presha yake iko juu na dawa zake ni za kila siku, hazina mwisho. Maneno hayo, ya kila siku na hazina mwisho, hakuweza kuyavumilia wakati ule.

Daktari kijana alimfunga kipimo mkononi, akakijaza upepo, akatikisa kichwa. "Bibi, hii umeiacha muda mrefu. Ulikuwa hutaki kupona?"

"Nilikuwa sina haraka."

"Na sasa?"

"Sasa nataka miaka miwili." Tabu akaufungua mdomo wa pochi kutafuta kadi yake ya zamani. "Kamili. Ikizidi, sitaikataa. Lakini miwili usiniangushe."

Daktari alidhani anatania, akacheka, akaanza kuandika dawa. Tabu alimwacha acheke. Alimuuliza kila kidonge kinanywewa saa ngapi, kabla ya chakula au baada, na kama chumvi aiache yote au apunguze tu, akasikiliza kila jibu mpaka mwisho.