Doa la Bibo

Ukitaka kunirudisha utotoni, usihangaike kunionyesha picha. Nichomee korosho. Moshi wake ni mweusi, mzito, unakwaruza koo na kutoa machozi, lakini ukivumilia kidogo, chini ya ukali huo inapanda harufu nyingine, tamu, ya mafuta yanayokaangika, na mate yanajaa mdomoni kabla hujajua unatamani nini. Mimi ni mzee sasa, na miguu yangu huomba ruhusa kabla ya kila hatua. Hata hivyo, harufu hiyo ikinifikia, huwa nimeshasimama kabla sijakumbuka kwamba magoti yananiuma. Nakuwa tena Charo wa miaka kumi na miwili, katika kijiji chetu kilicho mwendo wa baiskeli kutoka Malindi, na msimu wa korosho umeingia.

Lo, msimu ule! Mikorosho yote ilikuwa imejaa mabibo, mekundu na ya manjano, kila tunda limening'iniza korosho yake chini kama hereni. Usiku ukipita tu, asubuhi ardhi imetandikwa. Nyuki wamelewa, mbuzi wamelewa, na sisi watoto vidole vinanata kutoka alfajiri hadi jua kuzama. Lakini mkorosho ni mti unaojilinda wenyewe. Maji ya bibo yakidondokea nguo nyeupe hayasemi kitu siku hiyo. Utafua, utadhani umeshinda, kisha jua likiyapiga yanageuka doa la rangi ya kutu ambalo hakuna sabuni iliyowahi kulitoa. Na ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza ngozi kama maji ya moto. Kwa hiyo tunda huandika kwenye nguo na ganda huandika kwenye mwili. Mwizi wa korosho hahitaji shahidi.

Sisi tulilijua hilo, na bado tukaiba. Rafiki yangu Kahindi, ambaye baba yake alikuwa amefariki na mama yake akilima vibarua, alikuwa ameona mpira wa ngozi dukani Malindi. Alinisimulia habari za mpira huo mpaka nikauota. Basi Jumamosi moja mchana, bibi mmoja mjane aliyeitwa Sidi alipokwenda matangani kijiji cha pili, tuliingia shambani kwake tukajaza gunia. Kijiji kizima tulimwita Hawe Sidi, kwani hawe ndiyo nyanya kwa Kigiriama. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na mikorosho ile ndiyo iliyomlisha.

Nilibeba gunia begani, na mabibo yaliyopondeka ndani yakanichuruzikia shati langu jeupe la shule, ambalo sikupaswa hata kulivaa siku hiyo. Kahindi naye, kwa kujionyesha shujaa, akaipasua korosho mbichi kwa meno. "Wewe, utaungua!" nikamwambia. "Wanaoungua ni waoga," akajibu huku akitafuna. Jioni mdomo wake ulikuwa umevimba kama andazi lililozidiwa hamira. Mimi nilikimbilia nyuma ya kichuguu, nikalizika shati langu mchangani. Kahindi aliniona nikilizika. Kumbuka hilo, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yanasimama hapo.

Siku ya pili tu, naibu wa chifu aliitisha baraza. Alikuwa mtu wa soksi ndefu na fimbo kwapani, na baiskeli yake iling'aa kuliko viatu vyake. Gunia lilikuwa limeonekana kichakani, na mdomo wa Kahindi ulionekana na kila mtu. "Ulikuwa na nani?" naibu akauliza. Kahindi aliniangalia mara moja tu, kisha akaangalia chini. "Peke yangu." Nami nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake, nikiwa na mdomo mzima, nikihesabu vidole vyangu vya miguu. Ningeweza kusema neno moja. Nimelitafuta neno hilo katika moyo wangu wa siku ile kwa miaka yote hii, na kila mara nakuta lilikuwepo. Sikukosa neno, nilikosa ushujaa.

Naibu alitangaza kwamba kijana atapelekwa Malindi, asimame mbele ya hakimu, na kutoka huko atapandishwa gari hadi shule ya watoto watukutu, mbali sana bara. Mama yake Kahindi aliketi chini palepale. Ndipo Hawe Sidi akainuka.

"Bwana naibu, korosho zilizoibwa ni za nani?"

"Ni zako, hawe."

"Basi na mwizi ni wangu."

Watu wakacheka. Naibu hakucheka. Hawe Sidi akaendelea, "Mikono yake imeshajua kuokota, imebaki kujua kazi. Nipe mikono hiyo hadi msimu uishe."

"Na akigusa cha mtu tena?"

"Ukimkuta na cha mtu, mchukue. Sitasimama tena."

"Hata kama ni sindano," naibu akasema, akimnyooshea Kahindi fimbo, "nitakufunga kwenye kerieri ya baiskeli hii kwa mkono wangu mwenyewe."

Hivyo ndivyo ilivyoanza furaha kubwa kuliko zote nilizozijua utotoni, na sikustahili hata chembe yake. Kahindi alikwenda kwa Hawe Sidi kila siku ya likizo, nami nikamfuata. Nilisema nakwenda kumsaidia rafiki. Watu wazima wakanisifu njiani, "Tazama mtoto wa watu, hakumtupa mwenzake." Kila sifa ilinichoma kuliko ganda la korosho, lakini sikuacha kwenda, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa tamu ajabu. Asubuhi Hawe Sidi alisimama mlangoni na kupaza sauti, "Mikono!" Tukainyoosha mbele, naye akachota jivu la moto wa jana na kutupaka mwenyewe, viganja, migongo ya mikono, mpaka katikati ya vidole, ili mafuta ya maganda yasitupate. Hakupaka kwa haraka. Alipaka kama mtu anayesoma kitu.

Halafu moto! Alikuwa na bati kuukuu lililotobolewa kwa misumari, likiwa juu ya mafiga matatu. Korosho zikimwagwa humo huanza kutokwa jasho, kisha zinalia, tss, tss, tss, kisha mafuta yanadondoka motoni na bati zima linalipuka mwali mrefu kuliko mtu. Sisi tunakoroga kwa miti mirefu huku tumegeuza nyuso, tunakohoa, tunacheka, tunalia machozi ya moshi, na Hawe Sidi anapiga kelele kama nahodha wa timu, "Bado! Bado! Mtaniletea mbichi! Haya sasa, pindua!" Tunalipindua bati kwenye mchanga, tunafukia mwali, na moshi mweupe unapanda. Zikipoa tunaanza kubanja, kupasua maganda kwa kijiti, moja moja, kwa pigo moja lisilozidi wala kupungua.

Siku ya kwanza alituambia, "Itakayovunjika ni yenu, nzima ni zangu." Tukavunja zote. Tulikuwa tumeshiba mpaka kusinzia, naye hakutukemea. Siku ya pili akasema, "Leo nzima ni zenu, zilizovunjika zangu." Hapo ndipo nilipomwona Kahindi akiinamia korosho kama mtu anayefungua barua. Kufikia juma la pili alikuwa akibanja korosho mia bila kuvunja kumi, na jirani mmoja aliyepita akashangaa, "Kumbe huyu mwivi ana mikono ya dhahabu!" Hawe Sidi aligeuka kama aliyeumwa na siafu. "Wizi ni kazi, bwana we, na kazi huachwa. Ukimwita mtoto mwivi, umemwandika kazi hiyo. Wewe ndiye tajiri yake?" Jirani akaondoka bila kuaga.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Shule zilikaribia kufunguliwa, na mama yangu akaanza kulitafuta lile shati. Alitafuta sandukuni, akatafuta kwenye kamba, akaniuliza. Nikasema nililianika nikaliacha. Mama aliwaza kidogo, na jambo lililomjia ndilo ambalo lingemjia mtu yeyote kijijini. Alivaa leso yake akaenda kwa naibu kusema kwamba mtoto wa watu anayeingia na kutoka kwetu kila siku, yule yule wa korosho, ameiba shati.

Nilikuwa kwa Hawe Sidi naibu alipofika. Bati lilikuwa linawaka. Kahindi alisikia shitaka lake akiwa ameshika mti wa kukorogea, na safari hii pia aliniangalia mara moja tu. Alijua shati liko wapi! Angenyoosha kidole tu kwenye kile kichuguu angekuwa huru. Akaweka mti chini, akafuta jivu mikononi, akasema, "Sikuchukua." Hawe Sidi alikuwa ametoa ahadi barazani, na aliyeahidi mbele ya watu amejifunga. Aliuokota mti wa Kahindi, akakoroga. Naibu akampandisha Kahindi kwenye kerieri na kuanza kukanyaga pedali kuelekea barabara ya Malindi.

Sijui niliamua saa ngapi. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nakimbia. Nilifika kwenye kichuguu, nikachimba kwa kucha kama mbwa, nikalitoa shati likiwa na mchanga na siafu, na doa la kutu limetambaa kutoka begani hadi kiunoni. Nikalivaa. Kisha nikakata njia ya mihogo, nikaruka ua wa watu, kuku wakatawanyika, mama mmoja akaniita majina yote, siafu wakanila mgongoni, nikaibukia barabarani mbele ya ile baiskeli nikiwa sina pumzi hata ya kusema shikamoo. Naibu alishika breki, karibu wote waanguke.

"Shati ni hili!" nikapiga kelele. "Nililizika mimi! Na korosho tuliiba wawili!"

Naibu alilitazama doa kutoka begani hadi kiunoni. Kila mtu wa pwani anaweza kulisoma doa la bibo. "Wee," akasema mwisho, "siku zote hizi ulikuwa umesimama wapi?"

Tulirudi watu watatu, naibu akiikokota baiskeli, sisi tukitembea ubavuni. Nilimnong'oneza Kahindi, "Kwa nini hukusema?" Akajibu, "Shati si lako? Ulitaka nikufukulie mimi?" Hawe Sidi alipotuona, alitazama shati, akatazama uso wangu, akaingia nyumbani na kutoka na jivu. "Nilikuwa nasubiri mikono miwili iliyobaki," akasema. "Mikono!" Nami nikalia huku napakwa. Mama yangu aliomba radhi kwa mama yake Kahindi mbele ya watu, kisha akakataa kuninunulia shati jingine. Nilikwenda shule na doa hilo mwaka mzima, nikaitwa Bibo mpaka nilipofika kidato cha nne. Lakini niliitwa Bibo, sikuitwa mwizi.

Ungedhani mtoto aliyelelewa hivyo hatasahau. Nilisahau. Miaka michache iliyopita, sokoni Malindi, kijana mmoja alinichomoa simu mfukoni. Kinywa changu kilifunguka chenyewe, nikapiga ukelele, "Mwizi!" Siku hizi neno hilo lina mawe ndani yake. Kabla sijafumba mdomo, watu walikuwa wamemzunguka, na kama mwuza mahamri mmoja hangejitupa juu yake na kupiga mayowe, ningekuwa nimemuua mtoto wa miaka kumi na tano kwa ajili ya simu ya vibonyezo. Alivunjika mguu. Anaitwa Safari. Kortini, afisa wa probesheni aliniuliza mimi mlalamikaji nataka nini. Nilikuwa nimekwenda kudai afungwe. Kisha nikamwona mdomo wake, umevimba kwa kipigo, umevimba vile vile, na nikasikia sauti yangu ikisema, "Mheshimiwa, nipeni mikono yake hadi msimu uishe."

Sisemi ya zamani yote yalikuwa mema. Zamani mtu mmoja mwenye baiskeli aliweza kumbeba mtoto wa mjane akampeleka asikorudi. Leo kuna hakimu anayesikiliza, kuna afisa anayekuja kwangu na daftari kila mwezi, na mtoto haendi popote bila mzazi kujua. Lakini mikorosho mingi imekatwa, mashamba yamekuwa ploti, na akina Hawe Sidi ni wachache. Wahenga walisema udongo upate ungali maji. Hawakusema nani achafue mikono.

Huu ni msimu wa tatu wa Safari kwangu. Muda wa korti uliisha zamani, anakuja kwa hiari, akichechemea, na mwaka huu amekuja na vijana wawili waliotumwa kwangu na afisa yule yule. Kahindi huja kutoka Mnarani, anakoishi sasa, kuwafundisha kubanja, maana mikono yake bado ni ya dhahabu. Juzi asubuhi moto ulikuwa tayari, bati limekaa mafigani, nikasimama mlangoni kama nilivyofundishwa. "Mikono!" Wakainyoosha, nikawapaka mmoja mmoja. Nilipomaliza, Safari hakuondoka. Alinitazama, mguu wake mbovu ukiwa umeegemea mti wa kukorogea, akachota jivu.

"Na yako, babu," akasema.

Nikainyoosha.