Bembea Iliyomwangusha Bi Remigia

Katika kijiji chetu, huko Yucatán nchini Mexico, watu hawalali kitandani. Mtu huzaliwa, huugua na hufa katika bembea ya nyuzi, ule wavu wa kulalia unaotundikwa kati ya kuta mbili, na kwa hiyo mfumaji wa bembea huishi kwa jina lake. Ninaandika haya kwa sababu Bi Fidelia Poot nusura anyang'anywe jina hilo kwenye foleni ya mashine ya kusagia mahindi, na sisi tuliosimama pale na ndoo zetu tulinyamaza.

Bi Fidelia amefuma kwa miaka arobaini na mitatu. Hakuwahi kumuuzia mtu bembea kabla ya kumfundisha kuichagua.

"Rangi waachie watalii," husema. "Vuta uzi huu wa pembeni. Ukikatika, niachie bembea yangu uende zako. Haya, ipime mkononi. Pamba ina uzito. Nailoni ni nyepesi kama ahadi za mgombea."

Kisha hufuata masharti ya kuitunza: mchana itundikwe juu kwenye ndoano, isiburuzwe sakafuni. Siku ya kuifua, mikono yake, yaani zile kamba za ncha mbili, ifungwe kwanza kwa vitambaa ili isisokotane, na ianikwe kivulini.

Mwezi Machi, bembea aliyomfumia jirani yake Bi Remigia Uc miezi minne tu kabla ilipasuka katikati, na bibi huyo akaangukia nyonga. Kesho yake, mkwewe Griselda alipaza sauti kwenye foleni.

"Muulizeni Bi Fidelia anachanganya nini siku hizi! Juu pamba, ndani uchafu. Mama mkwe wangu hawezi hata kuchuchumaa."

Kabla ya Jumapili, wanawake watatu walikuwa wameondoa oda zao, mmoja wao akiwa na binti wa kuolewa mwezi uliofuata. Hakuna aliyedai ushahidi. Hivyo ndivyo tunavyohukumu hapa: kwa sauti kubwa na bila kuangalia.

Mimi nami sikuwa bora. Nilimshuku Abundio, mfanyabiashara anayetuletea nyuzi, nikamwandikia mashtaka ukurasa mzima daftarini mwangu. Bi Fidelia alifungua kila donge la uzi alilonunua kwake, akauma, akavuta, akachoma ncha motoni na kunusa moshi. Ilikuwa pamba tupu. Akaanza kuyashuku macho yake mwenyewe. Nilimkuta akihesabu upya matundu ya bembea aliyokwisha kuimaliza.

"Twende nikaione," akaniambia hatimaye. "Maiti haizikwi bila kutazamwa."

Griselda alituzuia mlangoni. "Umekuja kuficha ushahidi, mama?"

"Nimekuja kuushika. Simama hapohapo unitazame mikono."

Bembea ililetwa. Bi Remigia alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, fimbo mapajani, akitazama ukuta. Bi Fidelia alivuta uzi wa pembeni, ukagoma kukatika. Akavuta wa katikati, karibu na mpasuko. Ukakatika kama karatasi iliyoungua. Hapo katikati, panapokaa nyonga za mlalaji, rangi ya buluu ilikuwa imepauka, duara kubwa kama sinia.

"Mmeifua mara ngapi?"

"Hatujaifua hata mara moja," Griselda akajibu.

"Hata mara moja," Bi Remigia akarudia, upesi mno.

Bi Fidelia akainua mikono ya bembea. Katika kila upande palikuwa na alama ya kubanwa, pale hasa kitambaa kinapofungwa kabla ya kufua. Aliitazama alama ile, akalitazama lile duara, kisha akamtazama Bi Remigia. Akaikunja bembea taratibu.

"Nimeona. Asanteni."

Njiani nilichemka. "Bi Remigia ameimwagia klorini ya kung'arishia nguo, ndiyo iliyokula uzi! Kesho tutangaze!"

"Tutangaze nini? Kwamba mwanamke wa miaka sabini na nane amejikojolea usingizini, akangoja mkwewe aende sokoni ndipo afue?"

"Lakini jina lako, mama!"

"Na lake je?"

Nilitangulia mbele yake kwa hasira. Ni nani aliyetufundisha kwamba mwili uliochoka ni kosa la kufichwa kwa klorini?

Asubuhi iliyofuata, foleni ilikuwa ndefu. Griselda hakungoja. "Haya, mpelelezi, umegundua nini?"

"Nitamfumia mama mkwe wako nyingine," Bi Fidelia akasema. "Bure."

"Mnasikia? Amekiri!"

Wanawake wakaguna. Ndipo tukasikia fimbo ikigonga mawe. Bi Remigia alikuwa amekuja mwenyewe, hatua kwa hatua, kutoka upande wa pili wa uwanja.

"Griselda, funga mdomo wako. Niliilowesha mimi usiku, nikaifua mimi, nikatia klorini ili usinuse. Uzi wa Fidelia hauna kosa."

Mashine ilikuwa ikiunguruma, na hakuna aliyethubutu kucheka. Griselda aliinamia ndoo yake kana kwamba anahesabu punje za mahindi.

Bi Fidelia alimsogezea mwenzake ndoo yake iliyofunikwa ili aikalie.

"Kwa nini hukuniuliza, Remigia?"

"Ningekuulizaje kitu kama hicho?"

"Maji na sabuni ya mche. Mimi ya kwangu naifua hivyo kila wiki, kwa sababu hiyohiyo."