Siku Niliyowahesabu Ndugu Zangu

Nilipokuwa mtoto, nyanya yangu, tuliyemwita shosho, alikuwa na sheria ambayo hata baba, mwalimu wa hesabu, hakuthubutu kuivunja: watoto wa nyumba hawahesabiwi. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi, anakujibu, "Wako, Mungu amewaweka." Kuwahesabu ni kuita kifo kije kuchagua.

Kisha baba akaleta kompyuta kuukuu nyumbani kwetu mtaani Free Area, na mimi, kifungua mimba mwenye kiherehere, nikafungua akaunti ya baruapepe. Fomu ikauliza nyumba ina watoto wangapi. Nikahesabu kwa vidole, tena kwa sauti. Sita.

Shosho aliacha kuchambua njegere. "Umewapeana kwa nani?"

"Ni kompyuta tu, shosho."

"Futa!"

Ningefutaje? Nilikuwa nimeshatuma.

Kesho yake kitinda mimba wetu, Mwangi, akaanza kupumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani. Mama akakimbia naye hospitalini. Baba akawafikisha, akaenda shuleni.

Ngai, Mungu wangu, woga niliouona! Niliwasha kompyuta, modemu ikakwaruza na kulia, nikaingia kuitafuta ile sita niitoe. Sikuiona. Nikatoka, nikaingia tena, asubuhi nzima. Shosho alikaa kando yangu akiomba, kila mara akiuliza, "Bado?"

Saa nane baba akaingia, jasho linamtoka. "Nani yuko kwa hiyo kompyuta? Mama yenu amepiga simu hapa tangu asubuhi, haishiki! Mpaka amenipigia shule!"

Siku hizo intaneti ilipitia waya wa simu ya nyumbani. Ukiingia, hakuna wa kukupata.

"Mwangi amekufa?" nikauliza.

"Ako na oksijeni. Ameanza kupumua vizuri."

Mwangi alipona, na leo ana ndevu. Shosho aliondoka duniani akiamini ni maombi yake yaliyomrudisha, na sina ubishi naye. Lakini juzi nilimuuliza mama alitaka kutuambia nini siku ile.

"Hakuna," akasema. "Walimchukua ndani, nikaachwa kwa benchi peke yangu. Nilitaka tu kusikia mtu wa nyumbani."

Sijui kama kuhesabu huua. Ninachojua ni kwamba mimi nilikuwa nimeushika waya kwa woga, na mama naye, kwa woga, alikuwa anapiga tena.