Tezi Yangu na Siri ya Ami Mwosha Maiti

Wenzangu, nawasalimu nikiwa nimesimama wima, na kusimama kwenyewe ndiyo habari.

Mimi ni mpishi wa halua hapa Malindi, mtaa wa Barani. Kabla ya maradhi nilikuwa na nguvu za ng'ombe watatu. Nikikoroga halua, harufu yake Mambrui wanaisikia, na ukinishikilia nitasema hata Lamu. Jioni nilisoma ngumbaru hadi nikapata cheti, na leo nina miaka arobaini na tano na meno yangu yote.

Halua ikishashika moto haiachwi. Ukiinua mwiko dakika mbili, chini imeungua. Basi mwaka ule wa njaa tuliokula ugali wa mahindi ya manjano, mkojo ukaanza kunifukuza. Nakoroga, nabanwa, nakimbia chooni. Nikifika, matone matatu, na la nne lataka kubembelezwa. Nikirudi, sufuria yafuka moshi. Mwezi mmoja niliunguza halua ya harusi saba. Kiuno kikauma. Siku moja nikaona damu kwenye mkojo, nikaacha mzaha.

Mke wangu, Mwanaisha, akasema, "Twende hospitali, ama nikupeleke kwa mkokoteni."

Daktari alinilaza ubavu, akavaa glavu, akanipima kwa njia ya nyuma. Kidole chake kirefu kama kasia, wallahi. Akasema, "Tezi iliyo chini ya kibofu imevimba. Wanaume wengi huvimba hivi na si saratani. Lakini wazee wako walikufa na nini?"

Nikamjibu: babu, mgongo. Baba, mshipa. Ami yangu Athmani, husuda.

"Kaulize vizuri," akasema. "Mtu hurithi pua, na hurithi udhaifu wa tezi. Si kila mtoto huupata. Lakini kama wazee wako walikuwa na saratani hii, sitangoja. Nitakata kipande kipimwe."

Aliyejua alikuwa mmoja tu: Ami Shee wa Mambrui, nduguye babangu, aliyewaosha maiti wote watatu. Na mwosha maiti hasemi alichokiona mwilini. Nilimkuta barazani na kahawa yake.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Nikamweleza. Akakunja uso. "Wataka nimvue babako sanda?"

"Ami, nambie basi mimi utaniosha lini, nijitayarishe."

Hakucheka. "Nipe hadi Ijumaa. Nitawauliza wenye elimu."

Siku nne zile zilikuwa ndefu kuliko miaka yote ya ngumbaru. Ijumaa baada ya sala akaja Barani mwenyewe.

"Nimeuliza. Kumsitiri maiti ni wajibu, lakini kukunyamazia wewe hadi ufe si sitara." Akashusha sauti. "Wote watatu walikuwa sawa. Tumbo la chini limejaa kama kiriba, mwili umebaki mifupa. Majina yale ya maradhi tuliyatoa sisi, kwa haya."

Daktari aliposikia, alikata kipande kesho yake. Majibu yakatoka Mombasa: saratani, lakini ingali ndani ya tezi. Wakaiondoa tezi yote. Wiki tatu nilivaa mpira wa mkojo. Miezi mingi nilifungwa vitambaa kama mtoto mchanga, na mambo ya chumbani hayakurudi yalivyokuwa. Nilipomwomba radhi Mwanaisha, alisema, "Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na tezi. Kunywa uji."

Leo ni mwaka wa nne. Nakoroga sufuria nzima bila kuinua mwiko. Namshukuru Mungu, daktari, na Mwanaisha. Nanyi wanaume, waulizeni wazee wenu wangali hai, na mkikojoa kwa shida msiseme ni mshipa tu. Damu haigawi sawa: Ami Shee, baba mmoja mama mmoja na babangu, ana miaka themanini na anakojoa kama punda. Ndugu yangu mdogo nilimburura mwenyewe akapimwe. Yu salama, na kila mwaka atarudi, apende asipende.

Nimeandika wasia pia: atakayeniosha, akiona kitu, awaambie wanangu. Nilimsomea Ami.

"Mimi ndiye mkubwa," akasema. "Wewe utaniosha kwanza."

"Basi nami nitasema nitakachokiona."

"Sema," akajibu, "lakini nakujua wewe. Usitie chumvi."